Usiifuate chumvi chini ya kisima

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Unasema kisima cha shambani kwako Makunduchi, kusini mwa Unguja, kimeanza kutoa maji ya chumvi, majani ya tungule (nyanya) yanaungua kingo, vuli imepita na mvua mbili tu za maana, na sasa unataka kukopa fedha ukitoe kisima futi 30 ukifikishe 60. Unauliza kama nakubaliana nawe. Sikubaliani, mwanangu. Ukichimba hapo utaifuata chumvi huko huko iliko.

Maweni ya huko ni mawe yenye matundu kama sponji. Mvua inayopenya inashuka mpaka ikutane na maji ya bahari yaliyojipenyeza kutoka pwani, na kwa kuwa maji ya mvua ni mepesi zaidi, yanaelea juu yake. Unachokiteka wewe ni tabaka linaloelea. Hesabu yake ni hii: kila sentimita 1 ya maji matamu iliyopanda juu ya usawa wa bahari ina takriban sentimita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Kwa hivyo pampu ikiyashusha maji ya kisima sentimita 20 na kuyaweka hapo, chumvi iliyo chini yake inaweza kupanda hadi mita 8, ikijijenga kama kichuguu chini ya kisima chako. Mvua zikipungua, tabaka hilo linapungua kwa juu. Bahari ikipanda, linasukumwa kwa chini. Kisima kirefu kinaingiza mdomo kwenye kichuguu chenyewe.

Mimi naitilia shaka pampu yako kuliko ukame. Pampu ya petroli ya inchi 2 inaweza kuvuta zaidi ya lita 20,000 kwa saa. Shamba lako la mita 20 kwa 25, ukimwagilia mashinani tu, linataka kama lita 1,500 kwa siku ya jua kali. Pampu ile ingezimaliza kwa dakika tano, lakini inaachwa ikinguruma saa nzima kwa sababu maji yanamwagwa kwa mpira na mengi yanapotelea kwenye mawe. Iuze. Tafuta pampu ndogo ya sola inayotoa lita 500 kwa saa. Iwashe mara tatu kwa siku, asubuhi, mchana na alasiri, kila mara kwa muda wa saa moja tu, ili kisima kipate nafasi ya kujirudi kila mara, na ijaze tangi la lita 2,000 lililopandishwa mita 1.5 hadi 2.

Mdomo wa mpira wa kuvutia usiuache ukalala chini ya kisima. Chukua dumu tupu la lita 5, lifunge vizuri kifuniko, ulifanye boya. Funga mdomo wa mpira kwenye dumu hilo kwa kamba, uning'inie sentimita 30 chini ya uso wa maji. Maji yakipanda, dumu linapanda. Yakishuka, linashuka nayo. Siku zote utakuwa unateka juu, ambako maji ni matamu zaidi. Funga na kamba nyingine kutoka juu ya kisima, fupi kiasi kwamba mdomo hauwezi kugusa chini hata kisima kikikauka.

Halafu nunua mita ya chumvi, ile ndogo ya mkononi inayosoma mS/cm, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme: chumvi ikizidi, namba inapanda. Ulimi usiuamini. Mpaka ulimi uyatambue maji kuwa na chumvi, maharage yameshaanza kuumia. Pima siku ya bamvua, yaani siku za maji makubwa ya mwezi mwandamo au mpevu, maji ya bahari yakiwa yamejaa, kisha pima tena yakikupwa. Namba zikitofautiana sana, bahari inakifikia kisima moja kwa moja, na saa ya kuteka itabidi uichague. Maharage huanza kupunguza mazao maji yakizidi 0.7, vitunguu 0.8, pilipili boga 1.0, tungule na matango 1.7. Zukini huenda mpaka kama 3, na kunde hupita hapo kidogo. Tungule zikimwagiliwa kwa maji ya 5 utavuna nusu. Kwa hivyo pima kwanza, kisha ndiyo ununue mbegu.

Ukiona majani ya chini yanaungua kingo, mti unanyauka na udongo bado umelowa, au tunda linapiga kitako cheusi, usikimbilie dawa. Chumvi inauzuia mzizi kunywa, na pamoja na umwagiliaji wa leo mengi kesho hakuna, chokaa haifiki kwenye tunda hata kama shamba lote liko juu ya mawe ya chokaa. Hapo dawa ya ukungu ni fedha iliyotupwa.

Tandaza mipira ya dripu mistari 16 ya mita 25, yenye tundu kila sentimita 30. Tundu likitoa lita 1 kwa saa, shamba zima linakunywa lita 1,300 na ushei kwa saa moja. Igawe nusu alfajiri na nusu jioni. Kama maji yako ni 1.5 au zaidi, ongeza sehemu moja juu ya sita, ili ya ziada iisukume chumvi chini ya mizizi. Usirushie majani maji haya, hasa mchana, maana yanakauka na kuacha chumvi juu ya jani. Na kwa kuwa maji ya huko yana chokaa nyingi, kila wiki fungua ncha za mipira maji yatoke dakika mbili tatu, la sivyo matundu yataziba na utadhani miche inaugua.

Sasa kuna jambo ambalo nataka ulishike kuliko yote. Dripu inaisukuma chumvi pembeni, kwenye ukingo wa sehemu iliyolowa. Utaiona imeganda nyeupe kama unga juu ya tuta. Mvua ya rasharasha ikinyesha baada ya kiangazi kirefu, inaiyeyusha chumvi hiyo na kuirudisha kwenye shina. Watu hufurahi mvua imekuja, wanafunga maji, na siku chache baadaye shamba linanyauka. Wewe mvua nyepesi ikianza, fungua dripu na uiache ifanye kazi mpaka mvua kubwa ikamilishe kuosha.

Kwenye mbolea, samadi ya kuku ina chumvi yake. Itumie iliyooza sawasawa, si ndoo kwa ndoo, na ukinunua ya potashi chukua ya salfeti, si ya kloridi. Funika matuta kwa majani makavu. Makumbi nayo ni mazuri, ila usichukue yaliyotoka kufukiwa pwani kwa ajili ya usumba.

Paa la nyumba ya shamba lina mita 8 kwa 10. Mvua ya milimita 20 inakupa lita 1,600, na ukitoa za kupotea, kama 1,300. Haya ndiyo maji ya thamani kuliko yote uliyonayo, usiyamwage shambani peke yake. Changanya nusu kwa nusu na ya kisima: kisima cha 3.0 kinakuwa 1.5, na tungule zinakubali. Ya mvua matupu yaweke kwa kitalu, kwani mche mchanga ndio dhaifu.

Tungule zipange zitoe maua wakati wa kipupwe. Joto la kaskazi linadondosha maua hata ukimwagilia vipi. Sia kitaluni mwishoni mwa Aprili chini ya paa la nailoni, masika yakiwa yanaosha chumvi shambani, na pandikiza mwishoni mwa Mei. Utaanza kuchuma Agosti, hoteli zikiwa zimejaa. Masika yakiwa hafifu, mwaka huo pilipili boga ziache. Januari hadi Machi weka kunde, na hoteli usiwaahidi tungule miezi hiyo.

Kuhusu mkopo: kama lazima ukope, ukopee tangi kubwa la maji ya mvua na pampu ya sola. Pampu ya petroli ikiuzwa inaweza kulipia dripu. Ukihitaji kisima cha pili, kiwe kifupi kama hiki, mbali na bahari kuliko hiki, na uvute nusu hapa nusu kule.

Bamvua linalokuja upime, unitumie namba zote mbili, ya kujaa na ya kupwa. Nikiziona ndiyo tutajua msimu huu uweke nini.

Mama yako