Maswali ya Wasomaji: Saruman alianza kuoza lini?

SWALI: Ndugu mhariri, nimemaliza kusoma The Lord of the Rings, riwaya ya J.R.R. Tolkien, na kuna jambo linanitatiza. Saruman ndiye mkuu wa wachawi, ndiye aliyeijua Pete (ile ya kutawala, aliyoitengeneza adui Sauron) kuliko wote, na hajawahi hata kuishika. Bilbo, hobiti wa kawaida (hobiti ni jamii ya watu wafupi), kakaa nayo mfukoni miaka 60 na mwisho akaiacha. Imekuwaje mwenye elimu ndiye aangamie?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Umeshaligusa jibu mwenyewe uliposema aliijua Pete kuliko wote. Ukitaka kuona alivyoharibika, weka kando masimulizi kidogo, ufungue Nyongeza B mwisho wa juzuu ya tatu, penye orodha ya miaka. Humo Tolkien kaandika hatua za Saruman moja baada ya nyingine, na karibu kila hatua ina jambo ambalo yeye analijua na wenzake hawajaambiwa.

Wachawi walifika Dunia ya Kati yapata mwaka 1000 wa Zama za Tatu. Hawakuwa binadamu. Walikuwa roho waliovishwa miili ya wazee, na miili hiyo ilikuja na udhaifu wake: uchovu, hofu, kijicho. Walipewa masharti mawili, wasishindane na Sauron nguvu kwa nguvu, na wasitawale watu kwa kuwatisha. Kazi yao ilikuwa kushauri na kutia moyo. Saruman akachagua kusomea hila za adui, hasa ufundi wa kutengeneza pete, na hapo hakukosea, kwa sababu lazima awepo mtu wa kuyajua hayo. Ila kumbuka kwamba kwa asili alikuwa wa upande wa Aulë, bwana wa mafundi, kama alivyokuwa Sauron kabla hajaasi. Walikuwa mafundi wa karakana moja, na kila alivyozidi kuisoma kazi ya mwenzake ndivyo alivyozidi kuistahi.

Kinyongo nacho kilikuwapo tangu zamani. Katika maandishi ya Tolkien yaliyochapishwa mwaka 1980, baada ya kifo chake, kuna kikao cha kuwateua wachawi hao kabla hawajavuka bahari. Gandalf, mchawi mwenzake, anatajwa kuwa wa tatu. Varda, malkia wa roho wakuu, anainua macho na kusema, "Si kama wa tatu." Basi, ni hayo tu, na tunaambiwa Saruman aliyakumbuka. Walipofika pwani, Círdan, mlinzi wa bandari, akampa Gandalf kwa siri pete ya moto, Narya, na Saruman alipokuja kujua akanuna zaidi. Mwaka 2463 Baraza Jeupe, la kupambana na Sauron, likaundwa, akapewa uenyekiti, lakini alijua fika kwamba Galadriel, mjumbe mwenzao, alimtaka Gandalf.

Sasa tazama mwaka 2851. Gandalf anashauri Dol Guldur, ngome ya Sauron, ishambuliwe, Saruman anapinga, baraza linamfuata. Sisi tunaweka kidole hapa. Hadharani anasema inatosha kuangalia kwa sasa, na hayo ni maneno ambayo mzee yeyote mwenye busara angeweza kuyasema. Moyoni anawaza kwamba Sauron akiachwa kidogo, Pete itajitokeza yenyewe kumtafuta bwana wake, naye awe wa kwanza kuiokota. Mwaka 2939 anagundua watumishi wa Sauron wanapekua mto Anduin karibu na Gladden Fields, mahali alipouawa Isildur, mfalme aliyemnyang'anya Sauron Pete. Ananyamaza. Miaka miwili baadaye anakubali Dol Guldur ishambuliwe, kumbe ni kumzuia Sauron asiendelee kupekua mto. Mwaka 2953, kikao cha mwisho, anawaambia Pete imeshuka na maji hadi baharini, kisha anajifungia Isengard na kuigeuza boma lake.

Kupekua alikwenda pia. Baada ya vita, Aragorn, mfalme mpya, akisaidiwa na mbilikimo Gimli alifungua mlango wa siri ndani ya Orthanc, mnara wa Isengard, nyuma yake kukawa na kabati la chuma. Mlikuwa na kikasha kidogo cha dhahabu chenye mkufu mwembamba, kitupu, ambacho Isildur alikivaa shingoni Pete ikiwa ndani. Kwa hiyo yule aliyewaambia wenzake kwamba Pete imekwenda na maji alikuwa na ganda lake nyumbani.

Bilbo je? Yeye hakuwa na mpango wowote na Pete zaidi ya kuwakwepa wageni wasumbufu. Na hata hivyo isingekuwa Gandalf kumkaripia, asingeiacha.

SWALI: Kwenye filamu Saruman anaonekana mtumishi mtiifu wa Sauron, kama vile lile jiwe la kuonea mbali limempumbaza. Ni hivyo pia kitabuni?
Mpenzi wa filamu, Mombasa

JIBU: Hapana. Filamu za Peter Jackson (2001 hadi 2003) zilikuwa na muda mfupi, zikamfanya Saruman, anayeigizwa na Christopher Lee, kuwa jenerali wa Mordor, nchi ya Sauron. Kitabuni ni msaliti wa pande zote mbili. Wasikilize orki, askari wa Saruman na wa Sauron, waliowateka hobiti Merry na Pippin: Uglúk amepewa amri ya kuwapeleka Isengard, Grishnákh anataka waende Mordor, na wanatoana damu njiani. Saruman alikuwa anamwibia Sauron.

Jiwe nalo, palantír, alilitumia yapata mwaka 3000, karibu miaka 150 baada ya ile hila ya 2851. Mchovya asali hachovyi mara moja, na upande wa pili wa jiwe alikuwapo Sauron anamsubiri. Lilimnasa kweli, lakini lilimkuta ameshaoza. Julai 3018, anapomfungia Gandalf mnarani, anatoa mapendekezo mawili papo kwa papo. La kwanza, tujiunge na mwenye nguvu mpya, tuyasikitikie maovu njiani ila lengo letu libaki lilelile: Maarifa, Utawala, Utaratibu. Likikataliwa, la pili: basi tuichukue Pete sisi wenyewe. Mtu wa Sauron asingelitamka la pili.

SWALI: Gandalf ni wa aina ileile. Mbona yeye hakuanguka?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Kwa sababu aliogopa, na alisema anaogopa. Alipoteuliwa alikiri kwamba ni dhaifu na anamhofia Sauron, akajibiwa kuwa hiyo ndiyo sababu ya kwenda. Frodo, mrithi wa Bilbo, alipompa Pete aliikataa, akieleza kwamba ingemwingia kupitia huruma yake. Katika barua ya mwaka 1963 Tolkien aliandika kwamba Gandalf mwenye Pete angekuwa mbaya kuliko Sauron, maana angetawala kwa ajili ya wema, kwa jinsi anavyouona yeye.

SWALI: Naandika riwaya ya falme na sihiri. Mzee wangu mwenye hekima anageuka mwovu sura ya 14, na waliosoma rasimu wanasema imekuwa ghafla mno. Nirekebishe wapi?
Mwandishi chipukizi, Dodoma

JIBU: Usiiguse sura ya 14 kwanza. Rudi nyuma, weka maamuzi manne kabla yake, tuseme sura ya 3, 6, 9 na 12. La kwanza liwe sahihi kabisa. La pili liwe sahihi ila kuna neno moja amelificha. La tatu awadanganye wenzake, na uongo huo uzae matunda mema, mji uokolewe, mtoto apone. La nne mtu aumie, naye ajue kwa nini. Ukifika sura ya 14 huna haja ya kumgeuza, unamfungulia mlango tu.

Kabla ya yote hayo, mpe sharti alilokabidhiwa na kazi yake, liandikwe wazi katika kurasa 20 za mwanzo. Bila sharti hakuna cha kuvunja, na msomaji ataona hasira tu pale ulipotaka aone anguko.

Rasimu za namna hii huharibika mahali patatu. Kifaa cha kichawi hupewa kazi yote, mzee akakigusa na macho yakabadilika rangi. Hapo lawama inakwenda kwa kifaa. Pili, mzee huanza kucheka vibaya na kuvaa nyeusi mapema. Saruman alibadili joho jeupe kuwa la rangi nyingi, lakini sisi tunaliona mchezo ukiwa umekwisha. Tatu, hakuna anayempa nafasi ya kurudi. Tolkien anampa Saruman nafasi mnarani, akampa nyingine barabarani akiwa ombaomba, na Frodo akamsamehe maisha yake kule Shire, nchi ya hobiti, dakika chache kabla mtumishi wake Gríma hajamchinja. Anazikataa zote kwa kiburi kilekile. Wewe mpe mbili, zatosha.

Hotuba yake ya kujitetea iandike mwisho, ukiwa tayari na maamuzi yale manne, isizidi ukurasa mmoja. Msomee mtu asiyeijua hadithi, bila kumwambia msemaji ni nani. Akifika mwisho bila kuitikia kwa kichwa hata mara moja, andika upya.