Barua kwa mwanangu: ukae wapi Istanbul

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako uliingia juzi usiku, na asubuhi baba yako akanisomea tena kwa sauti, kama kawaida yake. Unasema ukiwa njiani kurudi nyumbani Desemba, ndege itakushusha Istanbul alfajiri na hutaondoka mpaka kesho yake. Siku nzima, peke yako. Unauliza ule wapi, na kama ulipie lile kundi linalowatembeza wageni kuonja vyakula au ujiendee mwenyewe.

Nimekuwa nikiliwaza swali hilo tangu juzi. Kila nikitaka kukutajia mgahawa, kinachonijia kichwani ni kiti. Basi nivumilie. Nitakuambia ukae wapi, na chakula kitafuata.

Msimamo wangu unaujua: chakula huliwa umekaa. Mmekua mkiusikia wote. Kaka yako mpaka leo akinipigia simu nikisikia anatafuna huku anatembea, namwambia akae kwanza ndipo tuzungumze. Ugenini ndiyo zaidi. Ukila huku unatembea humwoni aliyekupa, wala yeye hakuoni. Ukikaa, hata kwa muda wa glasi moja ya chai, inabidi mtu akupishe, akufutie meza, akuulize kitu. Hapo umeshakuwa mtu mbele yake, si mpita njia.

Sisi tulitua uwanja wa zamani, ule wa Atatürk. Wewe utatua uwanja mpya wa kaskazini, ambao safari zote za abiria zilihamia mwaka 2019. Uko mbali na katikati ya mji, lakini siku hizi kuna metro ya M11 inayokuleta hadi Gayrettepe, na ukishika njia kutoka hapo utafika majini. Nenda Eminönü, panda feri ya kwenda Kadıköy upande wa Asia. Ni safari ya kama dakika 20, na hapo ndipo ningependa ufungulie kinywa. Kabla ya kupanda, nunua simit kwa mwenye kigari. Ule ni mkate wa mviringo wenye tundu, umechovywa kwenye maji ya zabibu yaliyochemshwa yakawa mazito, kisha ukaviringishwa kwenye ufuta. Ukiuvunja, ufuta unakuruka mpaka kwenye mkono wa koti.

Najua utaniuliza kama nilikaa. Sikukaa. Nilisimama kwenye ukingo wa feri nikila, kwa sababu shakwe walikuwa wanatufuata, na watu wakiwarushia vipande wanavidaka hewani, nami sikutaka kupitwa. Unaweza kusema basi msimamo wangu una mlango wa nyuma. Lakini nilipoagiza chai nilikaa. Mhudumu hupita na sinia la glasi ndogo zilizobana kiunoni, unaishika glasi kwa ukingo wa juu la sivyo inakuunguza. Usiombe maziwa, mama, hayatiwi. Chai kavu iliyokolea hukaa kwenye birika la juu, maji ya moto kwenye la chini, na wanaichanganya kwenye glasi. Wewe usiyependa chai kali useme "açık", watakuwekea nyepesi. Majani yanatoka kwao wenyewe, Rize, pwani ya Bahari Nyeusi. Ajabu ni kwamba mji huu ulikuwa mji wa kahawa kwa karne nyingi. Chai ilitawala baada ya Jamhuri ya Uturuki kuundwa mwaka 1923, kwa kuwa kahawa ilibidi inunuliwe nje na chai wangeweza kuilima.

Sasa nifike kwenye kiti.

Unakumbuka safari ile mimi na mama yako mdogo tulipokwenda Laleli, mtaa wa hapo Istanbul, kufuata nguo za duka. Mzigo ulikwama kwa wakala wa kargo, yeye akatangulia kurudi kwa sababu ya mtoto, mimi nikabaki. Hiyo ndiyo siku yangu ya peke yangu. Ilipofika saa sita nilikuwa na njaa ya kweli, nikaingia kwenye mgahawa wa aina wanayoiita esnaf lokantası, yaani wa mafundi na wauza maduka. Chakula kimepikwa asubuhi, kimepangwa kwenye matrei ya moto nyuma ya kioo, na wewe unanyoosha kidole tu. Bilinganya zilizopasuliwa na kujazwa nyama ya kusaga, mchicha wao, supu ya dengu nyekundu ya kukamulia limau. Nilinyoosha kidole kwenye maharage meupe, kuru fasulye, na wali.

Kijana akachukua sahani yangu. Mezani pale chini viti vilikuwapo, nimeviona kwa macho yangu, viwili vitatu. Akavipita, akapanda ngazi, akanipungia nimfuate. Juu kulikuwa na kibao: aile salonu, yaani chumba cha familia. Akawasha taa. Chumba kizima cha meza na hamna mtu, hata mmoja. Akafuta meza ya pembeni ambayo tayari ilikuwa safi, akaweka sahani, akashuka. Kutoka chini nasikia vijiko na vicheko.

Mwanangu, maharage yale yalikuwa mazuri. Ngozi haijapasuka, ndani yamelainika kabisa, mchuzi wa nyanya umeshikana na siagi inang'aa juu. Na hayakupita kooni.

Baba yako ana jibu lake, umelisikia mezani mara nyingi. Anasema chumba kile ni desturi yao ya zamani, mahali pa familia na wanawake wasikodolewe macho, na kwamba kijana alinipa nafasi ya heshima kuliko zote alizonazo. Ni kweli. Najua ni kweli. Nami nikishamkubalia bado nabaki na neno. Tungekuwa wawili na mama yako mdogo, tungepandishwa vilevile, na tungefurahi, tungevua viatu tukanyoosha miguu. Kwa hiyo si chumba kilichoniuma. Tena kijana hakuwa na dharau, aliifuta ile meza kwa uangalifu. Kilichoniuma ni kwamba aliniangalia, akaona mwanamke peke yake, akajua mimi ni wa wapi bila kuniuliza. Au labda ni ugeni tu na uchovu wa kusubiri mzigo. Lakini uchovu haukai miaka yote hii.

Nikasimama. Sahani mkono mmoja, mkate mkono mwingine, nikashuka ngazi. Dirishani alikaa mzee amevaa kofia, anasoma gazeti, kiti cha mbele yake kitupu. Akaniangalia, akaiangalia sahani, akakunja gazeti, akakisukuma kiti kwa mguu. Nikakaa. Akanisogezea kikapu cha mkate, halafu kibakuli cha pilipili nyekundu ya kuparuza. Kisha akachukua kitunguu kibichi kilichokuwa mezani, akakifunika kwa kitambaa cha karatasi, akakipiga ngumi moja, pwaa, hadi vijiko vikaruka. Kitunguu kikafunguka chenyewe kwa matabaka. Akaniwekea nusu kando ya maharage, akasema "Afiyet olsun", yaani kula kwa afya, akarudi kwenye gazeti lake.

Ni hayo tu. Hatukuwa na lugha ya kusemezana. Lakini sijawahi kula kitunguu kitamu kama kile, kikali na kitamu pamoja, na maharage yakapita yote. Yule kijana alipoleta chai alileta glasi mbili kwenye sinia moja, na wakati wa kulipa alikataa pesa ya chai. Nimemkumbuka kwa wema tangu siku hiyo. Kile chumba cha juu nacho nakikumbuka. Vyote viwili vimo, sijaweza kukiondoa kimoja.

Ndiyo maana ukiniuliza ule wapi, nasema: tafuta lokanta ya aina hiyo, uingie kabla ya saa nane mchana matrei hayajaisha, na kama siku yako itaangukia Jumapili ujue nyingi hufungwa. Angalia iwe imejaa watu wa kazi. Kaa pale chini. Wakikuonyesha ngazi na wewe unataka kukaa chini, onyesha kiti kwa kidole vilevile unavyoonyesha chakula. Siku hizi migahawa mingi haitengi tena, na Kadıköy utaona wasichana wanakula peke yao na kitabu mkononi bila mtu kujali. Lakini kama utachoka na macho ya watu na kutaka chumba cha juu, panda, ukae kwa raha. Sikukatazi. Nataka uwe umechagua wewe.

Mengine ni mepesi. Jioni, karibu na daraja la Galata, kuna mkate wa samaki, balık ekmek. Juu ya daraja wanaume wamejipanga na ndoano, na mtu hudhani samaki wake ametoka hapo, kumbe wengi wa kuchomwa ni jamii ya vibua walioletwa kwa barafu kutoka Norway. Usivunjike moyo, ni watamu. Kando yake wanauza turşu suyu, maji ya achari, mekundu kama juisi ya zambarau, na vipande vya kabichi na tango vinaelea. Kunywa baada ya samaki, yanakata mafuta. Viti vyake ni vigoda vya chini sana, lakini ni viti.

Ukiingia mgahawa wa samaki wenye vitambaa vya meza, uliza bei ya samaki kabla hajaingia jikoni, maana huuzwa kwa uzito. Bei zenyewe sikutajii, lira imeshuka mno tangu niende, za kwangu hazikusaidii.

Kahawa uiseme sukari mapema, "sade" ni bila, "orta" ni kiasi, kwa sababu inachemshwa pamoja nayo. Maji yanayokuja nayo kunywa kwanza. Masimbi ya chini achana nayo. Na kwa kuwa ni Desemba, usiku nenda mtaa wa Vefa ukanywe boza kwenye duka ambalo lipo tangu mwaka 1876. Ni kinywaji kizito cha nafaka iliyochachushwa, kina utamu na uchachu kidogo, unanyunyiziwa mdalasini juu na kukila kwa kijiko pamoja na dengu za kukaanga. Kwenye ukuta mmoja wameweka glasi aliyonywea Atatürk, mwanzilishi wa Jamhuri yao. Mama yako mdogo hakuimaliza yake. Mimi niliimaliza, na ya kwake.

Kuhusu kundi. Baba yako anataka ulipie, anasema mtu anayejua vichochoro ni bora kuliko simu yenye ramani, na usiku ana hoja. Watakuonjesha vitu kumi ambavyo peke yako usingevimaliza tumboni, na hakuna wa kukupunja kwenye mizani ya samaki. Hayo nayakubali. Mimi naona unaonja umesimama, unaongea na wageni wenzako, na mtu mwingine ndiye anayekuchagulia kiti. Basi, nimeanza kuhukumu na niliahidi moyoni sitahukumu. Pesa ni yako, siku ni yako, na wewe si mimi: ulipokuwa mdogo ulikuwa unaingia nyumba yoyote na kukaa bila kukaribishwa. Nina jibu langu na unalijua. Sitaliandika.

Sasa maagizo. Jirani ya Mısır Çarşısı, soko la viungo, kuna duka la Kurukahveci Mehmet Efendi, wanasaga kahawa tangu mwaka 1871. Fuata harufu, halafu foleni, inakwenda haraka. Mletee baba yako nusu kilo ya iliyosagwa laini na umwambie anayeuza akufungie vizuri, isije ikanukia kwenye nguo zako zote. Lokum, zile peremende zao laini, usimletee, hata akikupigia simu kwa siri, na atakupigia. Sukari yake ilipanda tena mwezi uliopita na daktari amesema naye kwa ukali.

Niandikie tarehe kamili na namba ya ndege. Na koti zito liwe kwenye begi la mkononi, lisiende na mizigo.

Mama yako