Nodi moja haitoshi: jenga mtandao wako kabla ya kugusa pesa za watu

Kila anayeanza kuandika programu za Bitcoin akiniuliza aanzie wapi, humjibu: washa nodi mbili (programu zinazoongea na wenzao na kutunza kumbukumbu za malipo ya Bitcoin) kwenye kompyuta yako, kisha zigombanishe. Nilijifunza hilo nikiandika programu ya kupokea malipo ya duka. Nilikuwa na nodi moja ya majaribio. Natuma malipo, nachimba bloku moja (fungu la miamala linaloongezwa kwenye mnyororo wa kumbukumbu), programu inaandika "umelipwa". Majaribio yote yalipita, nikaamini kazi imekwisha. Mwenzangu aliyenikagulia akauliza swali moja tu: "Na bloku hiyo ikifutwa?"

Sikuwa na jibu. Tukawasha nodi ya pili, tukaipa nakala ya pochi ya mnunuzi, yaani funguo za sarafu zake, halafu tukakata mawasiliano kwa amri ya setnetworkactive. Upande wangu mnunuzi akalipa, tukachimba bloku moja. Upande wa pili sarafu zilezile tukazituma anwani nyingine kabisa, tukachimba bloku mbili. Tulipoziunganisha tena, nodi yangu iliuacha mnyororo wake mfupi na kufuata ule mrefu. Nikauliza hali ya muamala kwa gettransaction, nikaona idadi ya uthibitisho imekuwa -2. Namba hasi! Malipo hayapo tena, na programu yangu bado inasema "umelipwa". Muuzaji angekuwa ameshatoa mzigo.

Ndiyo maana nasisitiza mtandao binafsi. Bitcoin Core, programu ya nodi inayotumiwa na wengi, ina hali ya majaribio iitwayo regtest, ambamo mnyororo unaanza sifuri na bloku unachimba mwenyewe kwa amri, papo hapo. Kwa sisi tunaonunua bando hiyo ni nafuu kubwa, maana mnyororo halisi umeshapita gigabaiti 500, ilhali huu haukudai kupakua chochote zaidi ya programu yenyewe. Kila nodi ipe folda yake kwa -datadir. Ya kwanza iache itumie poti zake za kawaida, 18444 ya kuongea na wenzake na 18443 ya kupokea amri. Ya pili itafutie namba nyingine, la sivyo haitawaka.

Chimba bloku 101 kwanza. Zawadi ya bloku haitumiki mpaka bloku 100 nyingine ziwe juu yake, kwa hiyo ukifika ya 101 ndipo sarafu 50 za kwanza zinafunguka. Usichimbe ovyo, kwani katika regtest zawadi hupungua nusu kila bloku 150, na baada ya elfu kadhaa hupati kitu. Ukijaribu kutuma ukaambiwa ada haikadiriki, ongeza fallbackfee (ada ya kutumia makadirio yakikosekana) kwenye faili la mipangilio, chini ya sehemu ya [regtest]. Wengi hukwama hapo wakidhani wamekosea pakubwa.

Kama unabadilisha programu ya nodi yenyewe, nodi moja iwe toleo jipya na nyingine iwe toleo la zamani ambalo watu bado wanalitumia. Machi 2013 mtandao halisi wa Bitcoin uligawanyika kwa sababu ya badiliko lililoonekana la ndani tu. Toleo 0.8 lilikuwa limehama hifadhidata, kutoka Berkeley DB kwenda LevelDB. Kumbe ile ya zamani ilikuwa na kikomo cha kufuli, yaani idadi ya vipande vya data inavyoweza kufunga kwa wakati mmoja, ambacho hakuna aliyekihesabu kuwa kanuni ya mtandao. Ikaja bloku yenye miamala mingi, 0.8 ikaikubali, nodi nyingi za zamani zikaikataa, na kwa saa kadhaa kukawa na minyororo miwili. Wachimbaji walirudi 0.7 kuokoa hali, na waliochimba upande wa 0.8 wakapoteza zawadi zao. Kwa hiyo usijaribu kwa miamala miwili mitatu. Andika skripti itume maelfu, bloku zijae, uone matoleo yote mawili yanakubaliana.

Na umeme ukikatika? Ua nodi kwa kill -9, amri ya kuzima programu ghafla, katikati ya kazi, iwashe tena, uone programu yako inaendelea pale ilipoachia au inahesabu malipo yaleyale mara mbili. Huku kwetu jaribio hili ni la lazima.

Wenzako wakiwa miji mingine, regtest haifai kuachwa wazi kwenye intaneti, kwa kuwa yeyote anayeifikia anaweza kuchimba mnyororo mrefu kuliko wenu. Hapo anzisheni signet yenu, aina ya mtandao wa majaribio iliyoingia Bitcoin Core tangu toleo 0.21.0 la mwaka 2021. Mnaweka sharti la sahihi kwa signetchallenge, na mwenye ufunguo pekee ndiye anayetoa bloku.

Jambo moja silifanyii mjadala: maneno ya siri ya pochi yenye pesa halisi yasikanyage kwenye kompyuta ya majaribio, hata kwa dakika moja. Anwani za regtest za mtindo mpya huanza na bcrt1, na za kweli bc1. Ukiwa na usingizi saa nane usiku, herufi mbili hizo hazionekani.

Siku hizi skripti yangu ikimaliza kuchimba bloku 101, hatua inayofuata ni kutenganisha nodi. Malipo ya kawaida huyajaribu baada ya hapo.