D700 bado ina kazi

Ndugu, usiiuze kamera yako ya Nikon D700 kwa sababu tu ni ya mwaka 2008 na ina megapikseli 12 (nukta milioni 12 zinazounda picha). Picha ya kuchapishwa kwenye karatasi ya A4 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji karibu megapikseli 9, hivyo bado una akiba. Fungua picha kumi zilizokuudhi karibuni, uzikuze mpaka uone kope. Zote zina ukungu kwa sababu mkono ulitikisika? Basi shida si kamera, na pesa ya kamera mpya ningeiweka kwenye lenzi nzuri. Lakini kama fokasi, yaani sehemu inayoonekana wazi zaidi, inaangukia sikioni badala ya jichoni kila mtoto anapokimbia, hapo kamera mpya ambayo fokasi yake hufuata jicho yenyewe itakusaidia kweli. Na ukitaka video, badilisha tu, maana D700 hairekodi kabisa.