Mkono wa mama uliosomwa kama kifafa

Simu iliingia saa tatu usiku nikiwa jikoni kwangu mtaani Umoja, Nairobi, mwiko mkononi, ugali ukianza kushika. Alikuwa daktari anayetusomea rekodi za EEG, kile kipimo cha umeme wa ubongo. Jioni tunamtumia faili kwa intaneti, naye huzisoma akiwa kwake. Siku hiyo hakusalimu sana. "Dada, huyu mtoto wa miezi 7 wa leo asubuhi, ameshikwa mara 3 ndani ya dakika 20 na hukuandika hata neno?"

Nikazima jiko. Mtoto mwenyewe nilimkumbuka vizuri, na sikuwa nimemwona akishikwa hata mara moja. Lakini daktari alikuwa na mistari mbele yake: mawimbi yamejipanga sawasawa, kama 3 kila sekunde, yanaanza, yanakua, kisha yanakatika ghafla. Programu nayo ilikuwa imeweka alama nyekundu mahali 3, ile alama yake ya kuonya kwamba huenda hapa pana kifafa. Nilikaa kimya hadi nikakumbuka mkono. Mama Zawadi alikuwa amemweka mtoto begani, anampigapiga mgongoni ili alale.

Kichwa kikitikisika, nyaya hutikisika. Elektrodi, yaani kile kikombe kidogo kinachobandikwa kichwani kunasa umeme, ikisogea kidogo tu kwenye ngozi, umeme hubadilika, na mashine haina habari kama umeme huo umetoka kwenye ubongo au kwenye kiganja cha mama. Video ingeniokoa, ila asubuhi hiyo diski ilikuwa imejaa nikaizima kamera, nikasema nitasafisha baadaye. Hilo ni kosa langu, simsingizii mtu.

Nimerekodi EEG hapa Nairobi miaka 9. Vijana wanaoingia kwenye kazi hii huniuliza wajifunze programu ipi, na jibu langu huwaudhi: yoyote iliyo mbele yako. Vitufe utavijua ndani ya wiki 2. Kinachochelewa kuja ni tabia ya kumtazama mgonjwa na kuandika unachokiona. Mzee aliyenifundisha alianza enzi za karatasi, kalamu za wino zikichora mistari huku karatasi ikijikunja sakafuni, na penseli haikumtoka sikioni. Mgonjwa akikohoa, aliandika "amekohoa" palepale juu ya wimbi. Kompyuta ilipokuja, wengi wetu tuliona inarekodi yenyewe, tukakaa.

Kumbuka tunavua kitu kidogo kiasi gani. Hans Berger, daktari wa Jena, Ujerumani, aliyemrekodi binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924, alikaa na matokeo hayo miaka 5 kabla ya kuyachapisha mwaka 1929. Sishangai. Mawimbi haya, yakifika kwenye ngozi ya kichwa, kwa kawaida hubaki maikrovolti 10 hadi 100. Umeme wa moyo kifuani unafika maikrovolti 1,000 hivi. Jicho, taya, jasho, chaja ya simu, vyote vina sauti kubwa kuliko ubongo.

Kazi inaanzia kwenye nywele, na Nairobi nywele ni habari ndefu. Kuna dada alikuja kwangu moja kwa moja kutoka Kenyatta Market, amekaa kwa wasusi tangu asubuhi, rasta mpya hadi kiunoni, ngozi bado inamuuma. Fomu aliyopewa ilisema aje na nywele safi. Na kwa kweli alikuwa nadhifu kutushinda sote pale chumbani. Sikumrudisha. Nilitafuta njia katikati ya rasta moja baada ya nyingine, nikasugua ngozi kwa pamba na jeli, kazi ya dakika 20 ikawa ya saa nzima, na bado upande wa kisogoni elektrodi moja ilikataa kukaa. Tangu hapo siachii fomu. Nampigia mgonjwa simu mwenyewe siku 2 kabla: osha kwa shampuu usiku wa kuamkia miadi, usipake mafuta, usitie kondishena. Kama unaweza kufumua, fumua. Kama huwezi, suka matuta yenye njia pana, na nywele bandia za kushonelea zisubiri wiki ijayo. Huko Marekani, wahandisi wa Carnegie Mellon wamebuni elektrodi zinazojibana katikati ya matuta. Sisi tuna vile vikombe vidogo na pesti, kwa hiyo hizo njia za kichwani ndizo barabara zetu.

Baada ya nywele, futi ya fundi cherehani. Pima kutoka pale pua inapoanzia kati ya macho hadi kile kinundu cha kisogoni. Ukipata sentimita 36, alama ya kwanza iwe sentimita 3.6 juu ya mwanzo wa pua, na zinazofuata ziachane kwa sentimita 7.2. Hizo ndizo asilimia 10 na 20 za mfumo ambao Herbert Jasper aliuchapisha mwaka 1958, na ndizo zinazomwezesha daktari wa mji mwingine kujua O1 yako, elektrodi ya kisogoni upande wa kushoto, iko wapi. Nimeona watu wakikadiria kwa jicho. Usikadirie. Weka alama kwa penseli ya wanja, inatoka kwa maji.

Ukishazibandika zote, gonga kila elektrodi taratibu kwa ncha ya kidole na uangalie skrini. Ukigonga F3, ile ya mbele kushoto, mstari wa F3 uruke. Ukiruka wa F4, ya mbele kulia, umechomeka waya mahali pasipo pake, na programu itakubali hivyohivyo. Itaandika "kushoto" kwa yaliyo kulia mpaka mwisho wa rekodi bila kulalamika.

Halafu impidansi, yaani ukinzani wa umeme kati ya elektrodi na ngozi. Mimi hutaka chini ya kilo-omu 5 kila mahali, na muhimu zaidi zisipishane sana. Hapa ndipo wanaoanza hupata kishawishi, kwa sababu programu ina kitufe cha kufuta kelele ya stima. Stima yetu ni ya 50 Hz, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na mstari ulionenepa kama kamba ya katani mara nyingi ni hiyo. Unabonyeza kitufe, mstari unakuwa mwembamba, roho inatulia. Lakini elektrodi iliyolegea bado imelegea, sasa imefichwa tu. Kwanza rudi kichwani ukaikaze. Chomoa chaja ya kompyuta, tumia betri. Ondoa simu ya mgonjwa kitandani. Kuna siku nilihangaika karibu nusu saa, kumbe ekstensheni ya birika la chai ilipita chini ya kitanda.

Kichujio kingine ndicho kilichowahi kunitia aibu zaidi. Mgonjwa akikaza meno, misuli ya taya hutoa miiba mingi ya haraka inayofunika kila kitu. Nilikuwa mgeni kazini, nikashusha kichujio cha juu kutoka 70 Hz hadi 15 Hz ili ukurasa upendeze. Ukapendeza kweli. Ila misuli haikuondoka. Ncha zake zililainishwa, zikafanana na mawimbi ya ubongo yenye ncha, ambayo daktari huyatafuta kwa mtu mwenye kifafa. Mzee wangu alipita nyuma yangu, akarudisha 70 Hz bila kusema neno, kisha akamwambia mgonjwa, "Mama, legeza taya, acha mdomo wazi kidogo." Miiba ikaisha. Mashine nyingi za sasa hurekodi kila kitu kikiwa kibichi na vichujio hukaa kwenye kuonyesha tu, kwa hiyo daktari anaweza kuviondoa. Hakikisha unapotoa nakala hutoi iliyochujwa.

Mwanzo wa kila rekodi mwombe mgonjwa afumbe macho, ayafumbue, ayafumbe tena. Akiyafumba akiwa macho na ametulia, mawimbi ya alfa, 8 hadi 13 kwa sekunde, yanajitokeza kisogoni, akifumbua yanapungua. Hapo umejua kwamba nyaya ziko sawa na kwamba unachokiona kweli kinatoka kwenye ubongo. Kope nazo, zikipepesa, zitapiga wimbi kubwa mbele ya kichwa, kwa kuwa jicho lenyewe ni kama betri ndogo. Andika. Akimeza mate, andika. Kwikwi, andika. Kama yuko na jojo mdomoni, aiteme kwanza, kisha tuanze upya. Miezi ya joto jasho huleta mawimbi mapana ya polepole yanayopandisha na kushusha mistari yote. Fungua dirisha, andika. Zangu huonekana hivi: "10:14 ameombwa afumbe macho. 10:16 simu imetetemeka mfukoni. 10:21 anasinzia." Na weka saa ya kompyuta sawa, maana mama atakwambia mtoto alistuka saa nne na robo, na hapo hutaki kuanza kukisia.

Siku hizi programu huja na picha za ubongo zenye rangi, zinazodai kuonyesha ni bendi ipi, yaani kundi lipi la mawimbi, imezidi wapi. Wazazi wanazipenda sana. Mimi huzifunga. Mtoto wa miaka 3 mwenye mdundo wa 8 kwa sekunde kisogoni yuko sawa kabisa, lakini mpime kwa kipimo cha mtu mzima uone atakavyopakwa rangi ya hatari.

Kuna zoezi la kuhema kwa nguvu kwa dakika 3. Watoto nawapa kijigurudumu cha karatasi wakipulize, wanadhani ni mchezo. Kabla ya hapo uliza kuhusu selimundu, moyo, na kama amewahi kupata kiharusi. Mwenye selimundu hahemi hivyo, hata kama fomu imesahau kutaja. Nawe mzazi unayesoma, usimwachishe mtoto dawa ili "kipimo kionekane vizuri", isipokuwa daktari wake mwenyewe amesema. Ukiambiwa aje amekesha, mkeshe, msisinzie wote kwenye matatu.

Watu huniuliza nikiwa bado nabandua elektrodi: "Kwa hivyo hana kifafa?" Sijibu, na si kiburi. Wenye kifafa wengi hurekodiwa mara ya kwanza pasionekane kitu, kwa sababu nusu saa ni nusu saa, na ubongo haukupanga miadi nasi. Wapo pia wasio na kifafa ambao mawimbi yao ya usingizi yana ncha za kumtisha asiyezoea. Daktari huunganisha rekodi na yale mliyoyaona nyumbani. Akishikwa, mmoja amlaze kwa ubavu, mwingine achukue video kwa simu. Video ya sekunde 40 ya kutikisikatikisika, mwanga wa koroboi, imewahi kumsaidia daktari wetu kuliko rekodi yangu safi.

Kuhusu kutuma faili. Nyingi tunazitoa kwa umbo la EDF, lililoanza mwaka 1992, kwa sababu karibu kila programu inalifungua. Chukua EDF+, hiyo hubeba na maandishi yako. Video tuma kando. Kubadilisha jina la faili kuwa "mgonjwa 12" hakutoshi. Jina lake limeandikwa pia ndani, mwanzoni mwa faili, na yeyote atakayeifungua atalisoma. Lifute humo. Sheria yetu ya kulinda data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, nami sitaki kuona rekodi ya mtoto wa watu ikizunguka kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 200.

Mama Zawadi alirudi kesho yake saa mbili asubuhi, macho mekundu. Daktari alikuwa ameahirisha kuandika dawa mpaka turudie. Diski nilikuwa nimeisafisha usiku, kamera inawaka. Nikamwambia, "Mama Zawadi, mweke begani vile vile kama jana." Akaanza kumpigapiga. 08:41, nikaandika, mama anapiga mgongoni. Mawimbi yakaja, 3 kwa sekunde, yamejipanga. "Hebu acha." Mistari ikatulia. Tukarudia mara 3, na programu ikaweka alama zake nyekundu 2.

Akauliza kama alikuwa anamuumiza mtoto. Nikamgeuzia skrini. Akampiga tena, sasa polepole zaidi, akiangalia mawimbi yakiachana kwa kufuata mkono wake. Nikaandika na hiyo. Zawadi alikuwa ameshalala.