Kukodisha baiskeli kwenye njia ya mandhari: wateja wangu wa Jinja walivyobadilika tangu 2009

Dada yetu wa Kabale, habari za huko kwenye baridi. Umeuliza mambo mawili: kama baiskeli ishirini kando ya ziwa Bunyonyi zitapata wateja, na kama wateja hupungua watu wakishaizoea njia. Waliokutangulia kukujibu humu wamekuambia msimu ni Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari, mmoja akaongeza usubiri matamasha, wakaishia hapo. Hawakusema uongo. Ila mimi nakodisha baiskeli Jinja, huku mashariki mwa Uganda, tangu 2009, na kama ningeshika jibu hilo peke yake ningekuwa nimefunga duka zamani. Naomba unisome kwa subira, maana jambo hili nalipenda na nimelilipia.

Mimi ni mtoto wa Walukuba. Wanaoijua Jinja wanajua mtaa ule ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, watu wa kila kabila wakapangwa nyumba kwa nyumba, kwa hiyo Kiswahili ndicho tulichochezea mpira. Nilianza na baiskeli sita. Nne zilikuwa za mlimani, za mitumba, zenye gia. Mbili zilikuwa zile nyeusi nzito za keria, ambazo Waganda huziita maanyi ga kifuba, nguvu za kifua, kwa sababu gia yake ni mapafu yako. Njia yangu inatoka mjini, inakwenda kaskazini kwa ukingo wa mashariki wa Nile hadi Bujagali, kama kilomita nane, halafu mwenye pumzi anaendelea kupitia Budondo hadi maporomoko ya Itanda.

Miaka miwili ya kwanza mteja wangu alikuwa wa aina moja tu: kijana wa Kizungu aliyekuja kushuka mto kwa boti za mpira, akabaki na siku moja haina kazi. Alichukua baiskeli asubuhi, akaenda kuona maporomoko ya Bujagali, akawatazama wale vijana wa pale waliokuwa wakijitosa kwenye maji makali wamekumbatia jerikeni tupu, akala samaki, akarudi jioni. Siku nzima. Daftari langu lilikuwa na safu tatu: tarehe, jina, pesa. Nikaona mambo ni hayo hayo, nikaongeza baiskeli sita nyingine katikati ya 2011, zote za gia, zote za urefu wa Mzungu.

Mwishoni mwa mwaka ule ule bwawa la Bujagali lilijazwa maji. Maporomoko yakafunikwa. Kila mtu alijua yanakuja, mizimu ya Budhagaali, ya maporomoko yale, ilikuwa imeombewa na kubishaniwa kwa miaka, na mimi nilijua kama wengine. Nilichokosa kujua ni kitu kidogo sana: watu walikuwa hawakodi baiskeli yangu. Walikuwa wanakodi namna ya kufika kwenye maporomoko. Boti za mpira zikahamia chini ya bwawa, wageni wakaanza kubebwa kwa magari asubuhi kutoka walikolala, na njia yangu ikabaki na maji yaliyotulia kama kioo. Ni mazuri mno yale maji, wakati wa jua kuzama hasa, lakini hakuna mtu anayetumia siku nzima kwenda kutazama maji yaliyotulia.

Hapo ndipo nilipoongeza safu katika daftari: saa ya kutoka, saa ya kurudi, ametoka wapi, na hii ambayo nakusihi uanze nayo tangu siku ya kwanza: amegeukia wapi. Mteja akirudisha baiskeli, kabla hujagusa tairi, muulize, "Mligeukia wapi?" Atakujibu kwa furaha, maana anataka kusimulia. Pesa inakuambia leo umeuza nini. Pale alipogeuka panakuambia njia yako imekuwaje.

Kwa mfano, miwa. Busoga sasa imejaa miwa. Mkulima anapanda, na kwa mwaka mmoja na nusu hivi shamba linapanda juu mpaka linakuwa ukuta pande zote mbili za njia. Mwaka mmoja niliona kwenye daftari kwamba wateja wote wanageukia mahali pamoja, kilomita moja hivi baada ya Bujagali, na hakuna kilichobadilika kwenye orodha ya bei wala kwenye baiskeli. Nikaenda mwenyewe. Mto haukuonekana tena. Mtu alikuwa anapita kwenye korido ya majani, joto, hakuna upepo, na mwanamke aliye peke yake hawezi kujua nani yuko mita mbili kutoka kwake. Wateja wangu wa kike walikuwa wameogopa na hawakutaka kuniambia. Kisha miwa ikakatwa, mto ukaonekana wote kwa pamoja, lakini wakaja matrekta na malori ya kubeba miwa, yakachimba mifereji barabarani iliyokunja rimu zangu mbili ndani ya wiki. Kwa hiyo njia ile ile, kwa miezi kumi na nane, ilikuwa njia tatu tofauti. Hakuna kalenda ya msimu wa watalii itakayokuonyesha hilo.

Nilimwendea mzee mmoja mwenye shamba la kahawa lililoshuka mpaka mtoni. Tukakubaliana wateja wangu wapite katikati ya kahawa yake, nami nimlipe kila mwisho wa mwezi kwa hesabu ya daftari. Baadaye mama mmoja jirani yake akaweka meza, chai na roleksi, mayai yanakaangwa hapo hapo na kukunjwa ndani ya chapati. Dada, ile meza ilisogeza mahali pa kugeukia kilomita tatu mbele. Tatu! Nilikuwa nimetumia pesa nyingi kwenye vibao na matangazo, na hakuna hata kimoja kilichofanya kazi iliyofanywa na kikaango cha yule mama. Mtu akijua kuna pa kukaa, pa kula na choo kisafi, miguu yake inapata nguvu.

Sasa nije 2020, mwaka wa korona, maana wengi humu wanasema mwaka ule uliua biashara zote za utalii. Machi magari ya abiria yalisimamishwa, boda za pikipiki zikaruhusiwa mizigo tu bila abiria, amri ya kutotoka nje ikaanza saa moja jioni, na Entebbe haikupokea wageni wa kawaida hadi tarehe 1 Oktoba. Nilikuwa na baiskeli kumi na nne zimeegemea ukuta. Wiki ya pili akaja muuguzi anayekaa mbali na kituo chake cha afya, akaniuliza kama naweza kumkodisha kwa mwezi. Akachukua nyeusi, ya keria. Kesho yake wachuuzi wawili wa nyanya. Baadaye fundi umeme. Zile mbili nyeusi ambazo kwa miaka nilikuwa natafuta mtu wa kuzinunua ndizo zilizolisha nyumba yangu, nikaenda kununua tatu zaidi kama hizo. Nilipunguza bei mpaka ikafika ya mtu anayetoka kazini na si ya mtu anayetoka likizo, na hilo silijutii hata kidogo. Katika daftari la miezi ile, safu ya "amegeukia wapi" imejaa soko, zahanati, soko, zahanati.

Kisha watoto. Shule zilikaa zimefungwa kwa sehemu kubwa hadi Januari 2022, na mtoto ambaye hana shule atatafuta magurudumu. Nilikodisha kwa nusu saa, sarafu mkononi, ndani ya uwanja tu. Wengine wakajifunza kuendesha kwangu. Leo baadhi yao ndio wanaoniongozea wageni.

Vizuizi vilipolegea, aliyekuja wa kwanza hakuwa Mzungu. Alikuwa mtu wa Kampala. Ni kilomita themanini tu, na watu walikuwa wamechoka kukaa ndani. Wanakuja kwa makundi, Jumamosi na Jumapili, Pasaka, Idi, sikukuu ya Mashahidi tarehe 3 Juni. Huyu ni mteja tofauti kabisa na ukimpokea kama yule wa 2009 utampoteza. Hataki siku nzima, anataka saa moja au mbili. Anataka kiti kipana. Anataka baiskeli ndogo ya mtoto wa miaka minane, na nyingine ambayo mwanamke mwenye sketi anaweza kuipanda bila kuaibika. Anageukia mahali pa kwanza panapotoa picha nzuri, kilomita mbili tatu, na hapo amefurahi, usimsukume aende Itanda. Analipa kwa simu. Na msimu wake hauna uhusiano na Juni wala Agosti: unafuata mishahara na likizo za shule. Wikendi ya mwisho wa mwezi na ya katikati ya mwezi kwangu ni kama biashara mbili tofauti.

Septemba 2022 Ebola ilipotangazwa Mubende, wageni wa ng'ambo walifuta safari hata za huku kwetu, ingawa Mubende iko upande wa pili wa Kampala. Watu wa Kampala waliendelea kuja, wachache, lakini wakaja. Mwaka ule nilielewa kwamba sina wateja wa aina moja wanaopanda na kushuka. Nina mito miwili inayoingia kwenye duka moja, na mara chache sana inakauka kwa pamoja.

Sasa yule aliyeshauri usubiri matamasha. Mimi nina uzoefu nayo. Mwaka huo huo wa 2022 tamasha la muziki la Nyege Nyege lilifanyika Itanda kwenyewe, mwisho wa njia yangu, nikakodi hata baiskeli za jirani nizikodishe. Watu walikuja kwa maelfu, usiku wakacheza, mchana wakalala, na walipotaka kusogea walipanda boda. Siku nne, baiskeli zilitoka chache kuliko wikendi ya kawaida. Umati sio wateja.

Kuhusu mvua sitasema mengi, unaijua: Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Kwetu udongo mwekundu unajibana kati ya tairi na madgadi mpaka gurudumu linagoma, na mpira wa breki unaolika mwezi mzima wakati wa kiangazi unaisha kwa wiki moja. Aprili yangu ni mwezi wa fundi. Weka pesa yake kando tangu Januari.

Sasa Bunyonyi yako. Nimefika mara mbili. Usinunue ishirini. Nunua nane: tano za gia nyepesi kwelikweli, maana ile milima yenu haina huruma, mbili za watoto, na moja ya keria ambayo jirani atakodi siku za soko. Wageni wako wengi wako njiani kwenda au kutoka msitu wa Bwindi kuona sokwe wakubwa, yaani gorila. Wanalala usiku mmoja, na wakitoka msituni magoti yamekwisha, kwa hiyo wape asubuhi ya siku kabla ya sokwe, wala usihesabu ile inayofuata. Na usisahau mpaka wa Katuna, wa kwenda Rwanda, ulivyofungwa kuanzia mwisho wa Februari 2019 hadi tarehe 31 Januari 2022. Wewe uko Kabale, unajua zaidi yangu ni watu wangapi wa Kigali walizoea kuja ziwani wikendi na jinsi ufukwe ulivyonyamaza. Biashara inayotegemea mpaka mmoja inatakiwa iwe na mguu mwingine, na kwako mguu huo ni watu wa Kabale wenyewe, Mbarara na wanafunzi wa chuo.

Jambo moja la njia yako linanisumbua kuliko idadi ya baiskeli. Kwangu njia ni ya mwinuko mdogo, mtu anageuka akichoka au akichoshwa. Kwako mtu atageuka mapema sana, akiwa bado ana nguvu, kwa sababu kila mteremko anaoufurahia anajua ataupanda akirudi. Hofu ya kurudi itakula mandhari yote. Lakini una ziwa. Zungumza na wenye mitumbwi: mgeni ashuke kwa baiskeli kupitia kwenye matuta ya viazi na mtama, afike ufukweni, yeye na baiskeli yake warudishwe kwa maji. Mwenye mtumbwi alipwe vizuri, na aandikwe kwenye daftari lako kama mzee wangu wa kahawa.

Kabla hujanunua hata moja, azima baiskeli, ipande njia hiyo siku mbili. Siku ya kwanza toka saa moja asubuhi, ya pili toka saa tisa alasiri jua likiwa usoni. Usijilazimishe, endesha kama mgeni aliyelala vibaya kwenye basi. Halafu rudi hapa uniambie uligeukia wapi siku zote mbili, na ulikuwa unaona nini mbele yako ulipogeuka. Nikijua hapo ndipo nitakapoweza kukuambia uombe bei gani.