Kabla ya Kuandika Programu ya Kulinda Faragha Mbele ya Kamera: Nasaha kwa Wanaoanza

Kila msimu wa miradi ya mwisho unapokaribia, wanafunzi wa kompyuta hapa Mombasa huja na wazo lilelile katika sura mbalimbali: mfumo wa kuwatambua watu kwa nyuso zao, wa kusajili mahudhurio darasani, au wa kuwahesabu wateja dukani. Ni nadra kumwona aliyekuja na mradi unaomtetea yule anayepigwa picha, na hata hao wachache, wengi wao huandika programu inayodai kulinda faragha ilhali yenyewe inakusanya nyuso, namba za simu na mahali walipo watumiaji. Kwa hivyo swali ninalouliza kabla ya kutazama mchoro wowote ni hili: programu yako itahifadhi nini, wapi, na kwa muda gani? Jibu likiwa refu, wazo halijaiva.

Wasiwasi wa watu wa mji huu una pande mbili. Upo wa kamera za serikali, ambazo zilienea baada ya mkataba wa mwaka 2014 kati ya serikali na Safaricom uliohusu kamera 1,800 za Nairobi na Mombasa. Upo pia wa kamera za watu binafsi, ambao ndio unaozungumzwa zaidi barazani. Nyumba za Mji wa Kale zilijengwa kwa kuzingatia stara, ili mpita njia asione ukumbi wa ndani; lakini kamera iliyotundikwa ghorofani upande wa pili wa kichochoro huona mlango, dirisha na uwanda wa jirani mchana na usiku. Anayeanza na aanze na upande huu wa pili, kwa sababu mwenye kamera anafikika, anazungumzika, na mara nyingi hana nia mbaya. Fundi alimfungia kamera akaielekeza alikoona pana nafasi.

Mradi ninaoupendelea kuliko yote ni wa kumsaidia mwananchi kumwomba mwenye kamera picha zake. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha, na kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinampa mtu haki ya kujulishwa data yake inatumiwaje na ya kuiona data hiyo. Kanuni za mwaka 2021 zinamtaka anayeishikilia data ajibu ombi la kuiona ndani ya siku 7. Kisichokuwepo ni njia nyepesi ya kuitumia haki hiyo kwa Kiswahili. Programu inayouliza mahali, tarehe, saa na mavazi ya mwombaji, kisha ikatoa barua iliyo tayari, ni kazi ambayo mwanafunzi mmoja anaimudu na mtu wa Kongowea ataielewa.

Ugumu wake hauko kwenye msimbo. Mashine ya kurekodia hufuta rekodi kongwe diski inapojaa, na katika duka dogo hilo huweza kutokea baada ya wiki moja au mbili. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya ombi iombe rekodi ya saa fulani isifutwe, na ombi la kuiona lifuate baadaye. Tena, barua isianze na vitisho vya faini. Mwenye duka wa Mwembe Tayari akipokea karatasi inayonukuu vifungu kabla ya salamu, ataipeleka kwa wakili au ataitupa; anayeamkiwa kwa heshima na kuelezwa shida yenyewe husikiliza, na vifungu vinaweza kukaa chini kabisa ya ukurasa. Kuhusu utambulisho, usipakie nakala ya kitambulisho popote: mwombaji ataonyesha kitambulisho chake ana kwa ana. Barua yote itengenezwe ndani ya simu, na ukurasa ukifungwa isibaki hata herufi moja kwenye seva. Msimamizi wako akidai hifadhidata kwa sababu mwongozo wa mradi unaitaka, weka humo violezo vya barua, si majina ya watu.

Ombi likikubaliwa, linazaa mradi wa pili: katika video hiyohiyo wamo watu wengine, na mwenye duka hana haki ya kuwatoa hadharani ili kukuridhisha wewe. Anahitaji chombo cha kuficha nyuso za wengine, na chombo hichohicho kitamfaa kabla ya kusambaza video ya mwizi katika kundi la WhatsApp la mtaa. Suala la picha za watu si la mzaha. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Hapa ndipo wanaoanza hudanganywa na majaribio yao wenyewe. Programu hupata nyuso katika fremu mia (yaani picha mojamoja zinazounda video), ikakosa moja, nao wakafurahia matokeo. Lakini fremu hiyo moja yatosha kumtambulisha mtu, kwani yeyote anaweza kuisimamisha video hapo. Fuatilieni kila mtu kutoka fremu hadi fremu, ili programu ikishindwa kuuona uso, kiraka kinachouficha kibaki mahali pake. Afadhali kutafuta mwili mzima kuliko uso peke yake, kwa kuwa dera, leso au mwendo wa mtu hutosha kwa majirani zake kumjua. Tumieni rangi moja nzito badala ya miraba midogo ya ukungu, kwani baadhi ya programu zinaweza kukisia kilichokuwa chini yake. Ondoeni sauti. Na msitegemee picha za mfano za kutoka ng'ambo: utafiti wa Joy Buolamwini na Timnit Gebru wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa programu za kukisia jinsia ya mtu kwa uso wake zilikosea hadi asilimia 34.7 kwa wanawake weusi, ilhali kwa wanaume weupe kosa la juu kabisa lilikuwa asilimia 0.8. Jaribuni kwa watu wa hapa waliokubali, wakiwamo waliovaa nikabu, kwenye mwanga mkali wa saa saba mchana na kwenye giza la kichochoro.

Ramani ya kamera za mjini ni wazo zuri pia, na OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, tayari ina lebo za kamera za ulinzi, zikionyesha aina yake na upande inaoelekea. Ila njia aliyopitia mchangiaji isihifadhiwe, kamera za ndani ya nyumba za watu zisiwekwe, na mwanafunzi asiinue simu kupiga picha bandarini Kilindini au kivukoni Likoni kwa kisingizio cha utafiti.

Kuhusu mradi wa kukagua nywila dhaifu za kamera, mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na mashine za kurekodia nyingi kwa kujaribu tu nywila zilizotoka nazo kiwandani. Chombo cha kumwonya mwenye kamera kina faida, mradi kifanye kazi ndani ya mtandao wake na kwa ruhusa yake ya maandishi. Kuingia kwenye kamera ya mtu bila idhini, hata kwa nia ya kumwonya, ni kosa chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018, na adhabu yake hufika shilingi milioni 5 au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili.

Wazo ambalo huwa nalipunguzia kasi ni la kutafuta kamera zilizofichwa katika nyumba za wageni za Nyali na Bamburi. Haja ipo, na Airbnb yenyewe, mtandao wa kukodisha nyumba za wageni, ilipiga marufuku kamera za ndani kuanzia tarehe 30 Aprili 2024. Lakini programu ya simu huona vifaa vilivyo kwenye mtandao uleule tu. Kamera inayorekodi kwenye kadi ya kumbukumbu haitaonekana, na mgeni aliyeambiwa chumba ni salama atalala bila wasiwasi mbele yake. Ukishikilia kuiandika, matokeo yasomeke "Hatukuona kamera kwenye mtandao huu", na chini yake pawe na maelekezo ya kukagua kwa macho vigunduzi vya moshi, saa za ukutani na soketi zinazoelekea kitanda.